Kipimo cha ufisadi duniani: Kenya yasimama wapi?

SHIRIKA la Transparency International, lenye makao makuu jijini Berlin, hupima kila mwaka taswira ya ufisadi katika sekta ya umma duniani. Alama 0 ni ufisadi uliokithiri, 100 ni uadilifu.

Katika fahirisi ya 2024, Denmark iliongoza kwa 90, Sudan Kusini ikashika mkia kwa 8. Rwanda ilipata 57, Tanzania 41, Kenya 32 na Uganda 26.

Wanaotoa maoni ni wataalamu na wafanyabiashara. Mkazi wa Donholm, Nairobi, anayedaiwa 'kitu kidogo' ili apate kitambulisho, hahojiwi. Kwa hivyo, alama za nchi zaweza kupanda huku mwananchi akiendelea kutoa hongo.