Redio Ilikuwa ya Nani?

Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walimtoa Leonard Mambo Mbotela nyumbani, wakampeleka Sauti ya Kenya atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyohiyo, redio hiyohiyo ikasema Moi bado yuko.

Miaka iliyofuata, kila taarifa ya habari ikawa ni Mtukufu Rais kafungua hiki, kahutubia pale. Mwaka 1983 KANU nayo ikapata gazeti lake, Kenya Times. Waliokichoka chama walishusha sauti ya redio, wakatafuta BBC.

Sisi tuna stesheni kibao, lakini tunafungua ile inayomsifu mtu wetu. Wao angalau walijua redio yao inapendelea. Yetu tunaiita ukweli.