Neno "Kuganda" katika Vipimo vya Mpemba na Osborne

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuona historia ya lugha ikifuatwa katika mashairi, katika barua za kale na katika kamusi. Katika makala haya nakusudia kuifuata mahali pasipozoeleka, yaani katika maabara ya fizikia. Kwa kuwa naona kwamba ubishi mmoja mashuhuri wa sayansi, uliozaliwa katika nchi hii, umekuwa kwa sehemu kubwa ubishi juu ya maana ya neno moja.

Habari zenyewe ni hizi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu: maziwa huchemshwa, hutiwa sukari, huachwa yapoe, ndipo huwekwa katika jokofu. Siku moja nafasi ya jokofu ilikuwa yaelekea kwisha. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake pasipo kuyachemsha, naye Mpemba akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yangali uji mzito. Alipomwuliza mwalimu akaambiwa kuwa amechanganyikiwa. Na baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alisema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Lakini rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga hakushangaa hata kidogo, maana kutumia mchanganyiko wa moto ili ugande upesi ilikuwa kazi yake ya kila siku.

Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipokwenda Mkwawa kuhutubia, Mpemba alimwuliza mbele ya wote kwa nini maji yaliyoanza na nyuzi 100 huganda kabla ya yale yaliyoanza na nyuzi 35, vyombo na vipimo vyake vikiwa sawa. Wenzake walimcheka. Osborne aliahidi kulijaribu jambo hilo atakaporudi chuoni. Chuo kilikuwa kimekwisha kuhama mtaa wa Lumumba mwaka 1964, kikapanda kilimani, nje ya mji wa siku zile, katika upande uliohesabiwa kuwa wa Kinondoni mpaka Ubungo ilipofanywa wilaya ya peke yake. Huko kilimani fundi wa maabara akalifanya jaribio, akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda. Kisha akaongeza kuwa wataendelea kulirudia mpaka walipate jibu lililo sahihi.

Kauli hiyo yachekesha, lakini mtu wa isimu asiharakishe kucheka. Nasi tunapokusanya sentensi kutoka kwa wasemaji, ile isiyokubaliana na kanuni yetu twapenda kuiita kosa la msemaji, tukamwomba aseme tena.

Matokeo yalichapwa mwaka 1969 katika jarida la Kiingereza la ualimu wa fizikia, kwa majina ya wote wawili, wakati ambapo Mpemba alikuwa akisoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Wafikirie maandishi yale: sehemu moja ni kisa cha mwanafunzi kwa kauli yake mwenyewe, na sehemu ya pili ni vipimo vya mwalimu. Maji ya sentimita za ujazo 70 yalitiwa katika bika za sentimita 100, zikawekwa juu ya kipande cha polistireni ndani ya jokofu la nyumbani. Halijoto ya mwanzo ilichorwa katika grafu pamoja na muda uliopita hata maji yakaanza kuganda. Muda mrefu kuliko wote ulikuwa wa maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi. Yale ya karibu nyuzi 90 yalichukua muda mfupi zaidi sana. Waliona pia kwamba maji yaliyopotea kwa mvuke hayakutosha kuwa sababu, na kwamba joto lilitoka zaidi kwa juu, kwani tabaka la mafuta juu ya maji lilichelewesha kuganda.

Hapa ndipo neno linapoingia. Grafu ile yahesabu *kuanza* kuganda. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, katika Uingereza, walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri, jambo ambalo si kuanza kuganda, kwa kuwa maji safi yaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki maji. Wao hawakuona kwamba maji ya moto hutangulia. Tena walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kwaweza kuzaa matokeo ya uongo. Wengi waliosoma habari hizo walidhani kuwa Mpemba amekanushwa. Kwa maoni yangu, alichokanushwa kwacho ni swali lililo jirani na lake.

Kiswahili kingeliweza kuyaweka wazi haya mapema. Kwetu maziwa huganda, damu huganda, na samli huganda asubuhi ya baridi. Wala hakuna dakika moja ambayo mtu aweza kuionyesha kwa kidole akasema ndiyo hiyo. Kuganda ni mwendo, ndiyo maana twaongeza vitenzi na vielezi: kuanza kuganda, kuganda juu, kuganda kabisa. Maziwa ya Magamba yalihukumiwa kwa uzito wake, bika za kilimani kwa barafu ya kwanza.

Akina mama wa Temeke na Kinondoni wauzao barafu za ubuyu katika vifuko vya plastiki wana kipimo cha tatu: barafu haiuziki mpaka imekuwa ngumu hata kati. Kipimo hicho hakimo katika grafu ya 1969, wala sicho kilichopimwa mwaka 2016.