Kiwanja cha Ndege cha Bujumbura na Nchi ya Buha

Wako wazee wengi katika Buha wasiopanda eropleni hata mara moja, nao husema kwamba kiwanja cha ndege ni mambo ya wakubwa. Sisi twaona sivyo. Habari za kiwanja cha Bujumbura, kilicho ng'ambo ya mpaka, zimetufikia huku Kasulu na Kibondo mara nyingi, nazo zilikuja kwa miguu.

Eropleni zilizolijua ziwa letu zamani hazikuwa za abiria. Mwaka 1916, wakati wa vita vikuu, Wabelgiji walitumia eropleni za Waingereza, za namna itelemkayo juu ya maji, wakatupa mabomu Kigoma. Walikuwa wakiitafuta meli ya Wadachi, Goetzen. Mwezi wa Julai Wadachi wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikasafiri tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Msomaji aikumbuke meli hiyo.

Vita vilipokwisha, Urundi ilitawaliwa na Wabelgiji na Buha na Waingereza, ijapokuwa Mha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Kiwanja cha Bujumbura kiko katika uwanda wa mto Rusizi, karibu na Gatumba penye mpaka wa Kongo, hata watu wa Uvira nao huenda kupanda ndege pale. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600.

Tarehe 21 Oktoba 1993 aliuawa Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa Burundi aliyechaguliwa kwa kura za watu wote. Maelfu kwa maelfu wakavuka kuingia kwetu. Aliyemfuata, Cyprien Ntaryamira, alikufa tarehe 6 Aprili 1994, ndege yake na rais wa Rwanda ilipopigwa karibu na Kigali, wakitoka mkutanoni Dar es Salaam. Na tarehe 4 Desemba 2000 eropleni ya Sabena ilipigwa risasi ikitua Bujumbura, watu wawili wakaumia.

Tarehe 13 Mei 2015 Rais Nkurunziza naye alikuwa Dar es Salaam. Jemadari Niyombare akatangaza kwamba amempindua, akaamuru kiwanja kifungwe na mipaka pia. Jambo lile halikudumu siku tatu. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuanza kukimbia tangu Aprili, nao walijaa ufukweni Kagunga, kipindupindu kikawaingia. Pale hapana gati. Mitumbwi iliwapeleka mpaka kwenye meli iliyosimama majini, nayo ni Liemba ile ile, ikawachukua Kigoma, na toka hapo magari yakawapandisha Nyarugusu.

Tarehe 1 Julai 2019 kiwanja kilipewa jina la Ndadaye. Siku hiyo Nyarugusu, Nduta na Mtendeli zilikuwa zingali zimejaa Warundi.