Habari za Mji wa Sirakusa na Kanisa lake Kuu

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 28, tunasoma ya kuwa Mtume Paulo, alipokuwa mfungwa akipelekwa Roma, alitoka kisiwa cha Malta katika merikebu ya Iskanderia, akafika Sirakusa, akakaa huko siku tatu. Mtakatifu Luka hakuongeza neno juu ya siku hizo, na jina la mji hupita upesi masikioni mwa wasikilizaji. Lakini katika mji huo limo kanisa ambalo habari zake zawafaa sana watu wanaofanya jubilei. Kwa hiyo twaziandika hapa.

Sirakusa ni mji wa Italia, nao uko pwani ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Sisilia. Walioujenga ni Wayunani waliotoka Korintho, yapata mwaka 734 kabla ya Kristu. Walianza katika kisiwa kidogo kiitwacho Ortygia, maana kina bandari mbili njema, tena kina chemchemi ya maji karibu kabisa na bahari. Chemchemi hiyo, jina lake Arethusa, ingaliko, na ndani yake yameota mafunjo, mmea ule ule wa Misri na wa maziwa yetu, ambao watu wa kale waliufanya karatasi.

Mji ukapata nguvu nyingi. Mwaka 415 kabla ya Kristu watu wa Athene walikuja na merikebu zao kuuteka, na mwaka 413 walishindwa kabisa. Mateka wao, wapata 7,000, walitiwa katika machimbo ya mawe, na wengi wakafa humo kwa jua, baridi na njaa. Machimbo hayo yaonekana hata leo, pamoja na pango liitwalo Sikio la Dionysius, ambamo sauti ndogo huvuma kama sauti kuu. Karibu yake pana mahali pa michezo ya kuigiza, na viti vyake vimechongwa katika mwamba wenyewe.

Waalimu watapenda kujua ya kuwa Archimedes alikuwa mtu wa Sirakusa. Ndiye aliyeonyesha kwamba kitu kikitiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa. Warumi walipouteka mji, mwaka 212 kabla ya Kristu, askari mmoja alimwua. Nayo yasimuliwa kwamba jemadari Marcellus alikuwa ameagiza asidhuriwe.

Sasa tulitazame kanisa lenyewe. Baada ya mwaka 480 kabla ya Kristu, mtawala Gelon alipokwisha kuwashinda watu wa Kartago, hekalu kubwa la Athena lilijengwa Ortygia, lenye nguzo nene za mawe pande zote. Hekalu hilo lilikuwa limesimama bado siku zile tatu za Paulo. Mfungwa yule hakuwa na mamlaka ya kuondoa hata jiwe moja.

Lakini neno likaota mizizi. Wakristu walizika wafu wao katika mapango yaliyochimbwa chini ya ardhi, nayo yapo hata leo. Mapokeo yasema ya kuwa mwaka 304, katika mateso ya Kaisari Diocletian, bikira Lusia aliuawa mjini humo kwa ajili ya imani. Hata katika karne ya saba Askofu Zosimo akalifanya hekalu lile kuwa kanisa kuu. Hawakulibomoa: walijenga ukuta kati ya nguzo na nguzo, wakatoboa matao katika kuta za ndani, altare ikawekwa.

Mwaka 878 Waarabu waliuteka mji, na mwaka 1086 Wanormani wakaushika. Mwaka 1693 tetemeko kubwa la nchi liliharibu miji mingi upande ule wa Sisilia. Na uso mpya wa kanisa ukajengwa tangu 1728 hata 1754. Lakini nguzo za kale zimo ukutani hata leo, na mtu apitaye njiani aweza kuziona.

Basi, tujifunze nini? Watu wa Sirakusa hawakutupa mawe ya baba zao. Wala hawakuacha nyumba kama ilivyokuwa, maana walimbadili mwenyewe wa nyumba. Sisi nasi tumepokea mengi kwa wazee wetu: ngoma na nyimbo, heshima kwa wakubwa, ukarimu kwa mgeni, shauri la ukoo. Yamo pia mambo ya hofu na ya kisasi. Si kazi nyepesi kuyachagua. Anayetupa yote hukosa mawe ya kujengea, na anayeshika yote hujenga hekalu la zamani tena. Kwa hiyo katika mwaka huu wa jubilei kila mwalimu na kila mzee wa kanisa aikague nguzo kabla ya kuiegemeza paa: iliyo nzima ichukue paa la kanisa, iliyopasuka iachwe.