Mikelenge na Kumbukumbu Zake: Juu ya Kuandika Historia ya Mitaa ya Kindu

Utangulizi

Mji wa Kindu uko kandokando ya mto Lualaba, katika jimbo la Maniema, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huu umegawanywa katika komini tatu. Alunguli iko ukingo wa kulia wa mto. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto, upande ule ule inakoanzia reli iendayo Kongolo. Makala haya yanahusu Mikelenge, lakini shabaha yake ni pana zaidi. Yanakusudia kuuliza historia ya mtaa wa namna hii huandikwa vipi, huandikwa na nani, na kwa lugha gani.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba swali hili halihusu wanahistoria peke yao. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1956, reli ya Kindu ilipounganishwa na ile ya Katanga, leo anakaribia miaka tisini. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano wakati wa vita vya 1964 amekwisha pita sabini na mitano. Wanaoweza kusimulia mambo hayo kwa kuyaona wenyewe wanapungua kila mwaka, na kila anayeondoka huondoka na sehemu ya mji ambayo hakuna jalada lililoihifadhi.

Kindu katika vitabu vya wengine

Atakayeitafuta Kindu katika vitabu vya historia ya dunia ataikuta hasa mahali patatu. Kwanza ni Novemba 1961, wanahewa 13 wa Italia waliokuwa wakitumikia Umoja wa Mataifa walipouawa mjini na askari wa Kongo waliowadhania kuwa ni mamluki wa Kibelgiji. Walikuwa wametua na ndege mbili zilizowaletea mahitaji askari wa Malaya waliokuwa wamewekwa hapo. Miili yao ilirejeshwa Italia mwaka 1962, na huko Pisa, kilikokuwa kituo chao, pamejengwa ukumbusho unaobeba jina la Kindu. Pili ni mwaka 1964, wapiganaji wa Simba walipouteka mji mwezi Julai, kisha jeshi la serikali pamoja na mamluki wakaurudisha mwanzoni mwa Novemba. Tatu ni Oktoba 1998, mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa RCD waliosaidiwa na Rwanda.

Matukio hayo ni ya kweli na hayana budi kuandikwa. Hata hivyo, mji unaotajwa kwa misiba yake tu huonekana kana kwamba haukuwa na siku za kawaida. Msomaji wa Pisa anaijua Kindu kwa siku moja ya Novemba, wala hana lawama kwa hilo, kwani hiyo ndiyo siku iliyomfikia. Sisi tulio katika taaluma ya Kiswahili hatuna udhuru kama huo. Baina ya 1961 na 1964, na baina ya 1964 na 1998, watu wa Mikelenge walioa na kuzika, walijenga nyumba, walilima mpunga, walivuka mto kwenda Alunguli na kurudi. Hiyo nayo ni historia, na imesimuliwa kwa Kiswahili.

Reli na mto

Kabla ya reli, vitovu vya Maniema vilikuwa juu zaidi mtoni, Nyangwe na Kasongo. Huko ndiko misafara ya wafanyabiashara kutoka Unguja na Unyanyembe ilikoweka makao katika karne ya 19, ikitafuta pembe na watumwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alieleza safari hizo mwenyewe katika tawasifu yake ya Kiswahili. Nyangwe na Kasongo zilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Kilichobaki baada ya vita hivyo, mbali na majonzi, ni kilimo cha mpunga, dini ya Kiislamu, na lugha ambayo watawala wapya waliiita Kingwana, kwa maana ya lugha ya waungwana.

Kindu yenyewe ilikuzwa na usafirishaji. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL, iliundwa mwaka 1902 ili kuunganisha sehemu za mto zinazopitika kwa meli na kuzikwepa zile zenye maporomoko. Njia ya kwanza, ya kilomita 125 kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, ambazo sasa ni Kisangani na Ubundu, ilifunguliwa mwaka 1906. Kutoka Ponthierville meli zilipanda mto hadi Kindu. Hapo mizigo ilishushwa na kupakiwa katika magari ya reli ya pili, yenye urefu wa kilomita 355 hivi, iliyokamilika Kongolo mwishoni mwa mwaka 1910. Kwa muda fulani bandari hiyo iliitwa hata Kindu-Port-Empain, kwa heshima ya tajiri Mbelgiji aliyeanzisha kampuni.

Msomaji na atazame maana ya mpango huo kwa watu. Pale ambapo meli hukoma na reli huanza, kila gunia sharti libebwe na mtu. Panahitajika mchukuzi, karani wa kuhesabu, fundi wa kutengeneza, mkata kuni wa kulisha tanuri, na mwanamke wa kuwapikia wote hao. Kwa hiyo mji wa namna hii hukusanya watu wa asili mbalimbali katika muda mfupi, nao hulazimika kuwa na lugha moja ya kazini. Katika miaka ya 1930 bati la Maniema lilianza kuchimbwa kwa wingi, hasa Kalima, na Kindu ikawa mlango wa madini hayo. Mwaka 1955 upana wa reli ulibadilishwa ili ulingane na ule wa Katanga, na mwaka uliofuata njia ya Kabalo hadi Kamina ikakamilika. Tangu hapo abiria aliweza kutoka Kindu hadi migodi ya kusini bila kuyaacha mataruma ya reli.

Vita vya 1998 viliikata njia hiyo. Treni ilipoifikia Kindu tena mwaka 2004, kulikuwa na watoto wa shule ambao hawakupata kuisikia honi yake. Jambo hili dogo linatuonyesha tofauti ya historia ya mtaa na historia ya dola. Kwa mwanahistoria wa dola, 2004 ni mwaka wa serikali ya mpito. Kwa mkazi wa Mikelenge, yaelekea ni mwaka bei ya chumvi na sabuni ilipoacha kutegemea ndege peke yake.

Mifano miwili

Je, kazi hii ina mfano wa kuigwa? Upo, tena zaidi ya mmoja. Nchini Uingereza historia ya miji midogo na vijiji ilipata idara yake katika chuo cha Leicester mwaka 1948, chini ya W. G. Hoskins. Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa George Ewart Evans, aliyehamia kijiji cha Blaxhall, Suffolk, akagundua kwamba majirani zake wazee walikuwa na ujuzi wa kilimo cha farasi ambao trekta lilikuwa linaufuta. Alikaa nao, akawasikiliza, na mwaka 1956 akatoa kitabu kilichojengwa juu ya maneno yao. Baadaye, katika chuo cha Ruskin, Oxford, Raphael Samuel aliwahimiza wanafunzi waliotoka katika kazi za mikono waandike historia ya kazi hizo. Kijitabu cha kwanza cha kundi hilo, cha mwaka 1970, kilikuwa faharasa ya misemo ya wafanyakazi wa reli, iliyotungwa na Frank McKenna, mwanareli mwenyewe. Yaani walianza na msamiati. Walitambua kwamba maneno ya kazi ndiyo ghala ya kumbukumbu za kazi.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani mwa Wazungu, historia fupi ya mji wa Elisabethville, sasa Lubumbashi. Iliandikwa kwa Kiswahili cha Katanga, ikapigwa chapa kwa mashine ya kawaida, bila kujali tahajia sanifu. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na maelezo mwaka 1990. Na tangu mwaka 2000 wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Donatien Dibwe dia Mwembu, wameendeleza mradi wa kukusanya kumbukumbu za wakazi wa mji huo. Kilichowezekana Lubumbashi hakikatazwi Kindu.

Suala la lugha

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kongo haikuwamo. Kiswahili cha Maniema kilikuwa kimekwisha fika kwa misafara, nacho kikaendelea kukua kivyake, kikichukua maneno ya lugha za wenyeji na ya Kifaransa. Mmisionari John Whitehead alikitungia mwongozo uliotoka mwaka 1928. Kwa hiyo si haki kukihesabu kuwa ni usanifu uliopotoka, kwa kuwa hakikupata kupitia kwenye usanifu huo.

Basi mkusanyaji akirekodi masimulizi ya mzee wa Mikelenge, kisha akayageuza yote yawe Kiswahili cha Dar es Salaam, atakuwa ameharibu ushahidi kwa mkono wake mwenyewe. Chukua neno mashua. Pwani ni chombo kidogo. Lilipofika mto Kongo likaingia katika Kilingala kwa umbo la masuwa, nalo hutaja hata meli kubwa. Maana ilipanuka kwa sababu chombo kilichoonekana mtoni kilikuwa kikubwa. Anayelisahihisha neno kama hilo anaifuta habari yenyewe.

Tahadhari hiyo yahusu majina ya mahali pia. Msomaji wa pwani akisikia Kasuku humfikiria ndege mara moja. Lakini uko pia mto uitwao Kasuku, tawi la Lualaba. Vivyo hivyo Mikelenge: mjuzi wa Kiluba atalikumbuka neno mukelenge, lenye maana ya mkuu au bwana. Kufanana kwa sauti si ushahidi. Kabla ya kuamua, hatuna budi kuwauliza wenyeji huliita vipi eneo hilo, na tangu lini.

Hitimisho

Yafaayo kuulizwa ni mengi, na si yote ya kuanza nayo. Katika mtaa mmoja huweza kuishi watoto wa waliouawa mwaka 1964 na watoto wa waliokuwa upande wa pili. Msimulizi aachiwe uhuru wa kunyamaza, na jina lake lisitajwe ila kwa ridhaa yake. Aanze na anayoyataka: mshahara wa kwanza, shule, msikiti au kanisa, njia ya kwenda mtoni, nani alikuwa jirani kabla ya jirani wa sasa. Kina mama waulizwe kwa idadi ile ile ya kina baba, maana jalada la reli huwataja wanaume tu, ilhali soko lililowalisha wanaume hao lilikuwa la wanawake.

Nyaraka nyingi za utawala wa kikoloni ziko Brussels, na msomi wa Kindu huzifikia kwa nauli asiyokuwa nayo. Wazee wa Mikelenge wako kwa mwendo wa miguu. Mwanafunzi mwenye daftari na simu ya kurekodia aweza kuanza kazi hii wiki hii, bila ya ruzuku wala kibali cha safari. Tukichelewa, Kindu itabaki na tarehe tatu zilizoandikwa na wengine, na kizazi kijacho cha Mikelenge kitaisoma historia ya mji wake kama msomaji wa Pisa anavyoisoma.