Kujitolea Kutunza Barabara na Nyumba za Wageni Milimani

Katika Kata ya Kihagara, Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, safari ya kutoka mwambao kwenda milimani ni fupi kwenye ramani na ndefu kwa miguu. Ziwa Nyasa lipo takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali milima ya Umatengo, upande wa Mbinga, hukaribia mita 2,000. Katikati yake ni miteremko mikali, vijito vingi na udongo unaoteleza mara tu mvua inapoanza. Jengo lolote la huko juu, liwe zahanati, shule au nyumba ya kulaza wageni, huishi kwa kutegemea barabara inayolifikia. Barabara ikikatika, mgonjwa hashuki, kahawa haifiki sokoni, na nyumba ya wageni huanza kuvuja bila mtu wa kupeleka bati.

Barabara kuu ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilomita 66, imekwisha kuwekwa lami na kurahisisha safari kati ya wilaya hizo mbili. Hata hivyo, njia nyingi zinazochepuka kupanda vijijini zimebaki za udongo au changarawe. Hizo ndizo zinazohitaji mikono ya wananchi mwaka hadi mwaka, kwa kuwa adui wake mkubwa ni maji, wala si uzito wa magari kama wengi wanavyodhani.

Suala la maji mteremkoni si geni kwa wenyeji. Wamatengo wanajulikana kwa kilimo cha ngoro, ambapo mlima huchimbwa vishimo vilivyopangwa kwa mistari ili maji ya mvua yatue na kuzama badala ya kukimbia na udongo. Barabara ya mlimani huhitaji busara iyo hiyo, ingawa kwa njia tofauti: maji hayaachwi yakusanye nguvu. Yanatolewa barabarani mapema na mara nyingi, kidogo kidogo, kabla hayajawa korongo.

Kazi ya pamoja nayo ina mizizi. Katika jamii ya Wamatengo kulikuwa na ngokela, yaani mwaliko wa majirani kulima shamba la mmoja wao kwa zamu, na sengu, baraza la ukoo ambamo watu walikula pamoja na kuamua mambo yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa ushirikiano na Japani uliitumia misingi hiyo katika kijiji cha Kindimba, Mbinga, ambako wanakijiji walichangia nguvu kazi katika ujenzi wa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji. Kamati iliyosimamia shughuli za maendeleo kijijini ilipewa jina la Sengu. Jina hilo halikuwa pambo, kwani lilimwambia kila mtu kwamba mali hiyo ina baraza la kuisimamia.

Ni muhimu kujua barabara ni ya nani kabla ya jembe la kwanza kushuka. Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ulioanza mwaka 2000. Barabara za wilaya, ambazo ni za mkusanyo, mlisho na jamii, zipo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), uliozinduliwa Julai 2017. Njia inayopanda kwenye nyumba ya wageni ya kijiji mara nyingi ni ya kundi la jamii, au haijaingizwa kabisa kwenye orodha ya wakala. Njia isiyo kwenye orodha haipangiwi fedha. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya kikundi cha kujitolea ni kumwandikia Meneja wa TARURA wa wilaya kupitia serikali ya kijiji, ili barabara itambuliwe na kazi ifanyike kwa maelekezo ya mhandisi. Wananchi wanaochimba mtaro upande usiofaa huweza kuyaelekeza maji kwenye shamba la jirani au kwenye msingi wa daraja, na nia njema haitazuia mgogoro.

Kujitolea kuna mipaka ya kisheria. Ibara ya 25 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inakataza kazi ya shuruti, huku ikieleza kuwa kazi zilizo sehemu ya majukumu ya kawaida ya ustawi wa jamii hazihesabiwi kuwa za shuruti. Kijiji kikitaka kuweka siku maalumu za kazi na adhabu kwa wasiofika, Halmashauri ya Kijiji hutunga sheria ndogo, ikaifikisha kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha ikaidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya, kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982. Faini inayotozwa kwa tangazo la mdomo tu haina nguvu ya sheria.

Mvua za ukanda huu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na kalenda ya kazi hufuata msimu huo. Oktoba ndio mwezi wa thamani kubwa kuliko yote. Kufyeka kingo, kuzibua makalavati, kuchimbua mitaro iliyojaa udongo na kurudisha mgongo wa barabara ili maji yaangukie pembeni ni kazi za jembe, koleo, panga na toroli, na hazihitaji mtambo. Mahali penye mwinuko mkali, mawe hupangwa ndani ya mtaro kwa hatua, mfano wa ngazi, ili kupunguza kasi ya maji. Wakati wa mvua, watu wawili au watatu wakipita na koleo baada ya kila mvua kubwa huokoa kazi ambayo ingehitaji mamia ya watu mwezi Mei. Kalavati lililozibwa na tawi moja huweza kuondoka na barabara nzima usiku mmoja.

Nyumba yenyewe ina madai yake. Paa, mifereji ya bati, vyoo na tangi la maji hukaguliwa kabla ya mvua, wakati ambapo vifaa bado vinaweza kupanda. Ujenzi au upanuzi wowote karibu na kijito au ziwa huzingatia kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachozuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60. Nyumba inayopokea wageni kwa malipo huhitaji pia leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008.

Kilimanjaro hutoa mfano wa muda mrefu zaidi nchini. Mwaka 1912 wapanda milima wa Kijerumani waliunda klabu yao mjini Moshi, na nyumba mbili zikajengwa kwenye njia ya Marangu, Bismarck na Peters. Ya Kibo ilifuata mwaka 1932. Baadaye mbili za mwanzo zilipewa majina ya Mangi wa Kichaga, Mandara na Horombo. Klabu zinaandikwa vitabuni, lakini wapagazi waliopandisha mizigo kwenye njia hiyo ni nadra kutajwa. Nchini Kenya nako, klabu ya wapanda milima iliyoanzishwa mwaka 1949 ilijenga nyumba kadhaa kwenye Mlima Kenya kwa kujitolea. Kote huko ilionekana kwamba watu wanaopanda kwa siku chache wanaweza kujenga, bali utunzaji hudai mtu anayebaki. Kilimanjaro ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973, na leo nyumba hizo zina watumishi wa kudumu, huku magari ya huduma na uokoaji yakifika Horombo kwa njia ya Kilema.

Kwa vijiji visivyo na bajeti ya hifadhi, mlinzi mmoja anayelipwa kutokana na ada za wageni, pamoja na daftari linaloonyesha mapato, matumizi na majina ya waliofanya kazi kila siku, hukidhi haja hiyo. Daftari hilo lina matumizi mengine. TARURA imekuwa ikivipa vikundi vya kijamii vilivyosajiliwa kazi za matengenezo ya kawaida kwa malipo, na kikundi chenye kumbukumbu za kazi yake huwa na cha kuonyesha.

Wananchi wanaotaka kuunda kikundi huanzia kwa Mtendaji wa Kijiji, kisha Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kwa ajili ya katiba ya kikundi na usajili katika halmashauri. Maombi ya kutambuliwa kwa barabara huambatanishwa na muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji.