Farrokh wa Mji Mkongwe na Sahani Niliyochelewa Kuisikia

Nimepita mbele ya ule mlango wa Shangani mara nyingi mno. Picha zake zimepangwa nyuma ya vioo, watalii wanasubiri zamu ya kujipiga picha, na tangu Novemba 2019 kuna makumbusho kabisa. Mapapasi wanalijua jina lake kwa lugha tano. Freddie Mercury. Na mimi nilikuwa nalijua hivyohivyo: jina la kwenye fulana, kituo kimojawapo katika matembezi ya Mji Mkongwe, baina ya Ngome Kongwe na duka la viungo. Sahani yake nzima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sijawahi kuisikiliza mpaka mwaka huu.

Naona haya kidogo kuandika hivyo, maana nimeandika habari za muziki kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini watu wa rika langu tulikua na Bongo Fleva redioni na taarabu harusini. Roki ilikuwa muziki wa sinema na wa viwanja vya mpira. Ule wimbo wa kupiga makofi na kukanyaga miguu tuliujua wote, tukadhani ni wa mashabiki, hauna mwenyewe.

Basi nikiwa narudi Dar kutoka Unguja, boti ya alasiri, nikaipakua A Night at the Opera, nikavaa hedifoni na kukaa upande wa dirisha. Sahani ina dakika 43. Safari ni kama saa mbili. Nikasema nitaisikiliza mara mbili, nifike.

Ilitoka Novemba 1975, ya nne ya kundi la Queen. Jina lake waliliazima kutoka kwenye sinema ya vichekesho ya ndugu Marx ya mwaka 1935. Wakati huo walikuwa na jina tayari, wimbo wao Killer Queen ulishafika nafasi ya pili Uingereza mwaka uliotangulia, lakini mfukoni hamna kitu. Mkataba waliosaini na uongozi wao wa zamani ulikuwa umewabana. Wakajinasua, wakapata meneja mpya, kisha wakafanya kitu ambacho mtu mwenye madeni hashauriwi kukifanya: wakatumia fedha nyingi kuliko karibu kundi lolote la wakati ule kurekodi sahani moja, wakihama studio hadi studio na mtayarishaji wao Roy Thomas Baker. Ingekwama, pengine leo tusingekuwa tunawazungumzia.

Kujua hivyo kunausaidia wimbo wa kwanza, kwa sababu wimbo wa kwanza ni matusi. Sitanii. Piano inaanza kwa upole, inapanda, kisha jamaa anafungua mdomo na kumwaga sumu juu ya mtu ambaye hamtaji jina. Aliyelengwa alijitambua, akaenda kwa wanasheria, wakamalizana nje ya mahakama. Sisi wa huku tuna mipasho, kwa hiyo nilijikuta nyumbani mara moja. Kumsema mtu bila kumtaja, na yeye mwenyewe akainuka kusema "ni mimi huyo": hiyo fani tunaijua.

Baada ya hapo sahani inageuka kuwa kitu ambacho sikukitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kusikia magitaa yanayonguruma, nikasikia muziki wa sebuleni, wa watu waliovaa kofia za mviringo wanaokunywa chai. Kwenye Lazing on a Sunday Afternoon sauti inatoka kama ya redio ya mkulima. Waliipitisha kwenye hedifoni zilizotumbukizwa ndani ya kopo la bati, kisha wakairekodi upya. Kwenye Seaside Rendezvous kuna tarumbeta na filimbi ambazo si tarumbeta wala filimbi: ni Mercury na mpiga dramu Roger Taylor wanaziigiza kwa midomo. Kwenye jalada waliandika kwa majivuno kwamba hawakutumia sintesaiza. Kila unachokisikia kimefanywa na mikono, makoo, na utepe uliokatwa na kuungwa. Hata kinubi cha Love of My Life, Brian May alikipiga kodi moja moja, zikaunganishwa baadaye.

Nyimbo nyingine nazipita. Sweet Lady haikunigusa, na ile ya mapenzi ya gari niliiruka kwenye mzunguko wa pili.

Iliyonisimamisha inaitwa '39. Ni ya gitaa la kawaida, kama wimbo wa kuzunguka moto, na nilidhani ni ya mabaharia. Ni ya mabaharia kweli, ila wa angani. Kikundi cha watu wa kujitolea kinaondoka kwenda kutafuta ardhi mpya. Wao wanahesabu mwaka mmoja tu, wakirudi nyumbani imepita miaka mia. Waliowaacha wamekufa, waliopo ni wajukuu. May aliutunga na kuuimba yeye mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi wa fizikia ya nyota aliyeacha masomo kwa ajili ya gitaa, na shahada yake ya uzamivu alikuja kuimaliza mwaka 2007. Hesabu ya Einstein ameigeuza kuwa huzuni ya mtu aliyechelewa kurudi kwao.

Nilikuwa nimegeuza shingo naangalia nyuma wakati huo. Mji Mkongwe ulikuwa umeshakuwa mstari mweupe juu ya maji, na Beit el Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi 2020, haikuonekana tena vizuri. Nikawaza: katika kundi hili la watu wanne kuna mmoja tu ambaye kweli alikuwa na nyumbani kusikorudika. Na wimbo wa kurudi nyumbani hakuutunga yeye. Ameutunga kijana wa Middlesex.

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroaster, wenye asili ya Gujarat. Hilo jina la ukoo linatokana na mji wa Bulsar. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Alipofika umri wa miaka minane hivi akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko akaanza kupiga piano katika kikundi cha wavulana wa shule kilichoitwa The Hectics. Nataka msomaji atulie kidogo kwenye safari hiyo. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hiyohiyo kwenda Bombay kurekodi sahani za mwanzo za taarabu kwa Kiswahili. Siti alifariki 1950, Farrokh akiwa mtoto wa miaka mitatu au minne katika mji uleule. Sisemi kwamba alimsikia akaathirika. Wapo wanaopenda kuunganisha nyuzi za namna hiyo, na mimi sina uzi. Nasema tu kwamba kwa mtu wa Unguja wa zama hizo, njia ya kufika kwenye muziki ilipita Bombay, na haikuwa ajabu.

Alirudi Unguja kijana wa miaka kumi na sita. Desemba 1963 visiwa vikapata uhuru. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Familia ya Bulsara ilikuwa na pasi za Kiingereza. Mwaka huohuo wakaondoka, wakaenda kuishi Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana akasoma uchoraji katika chuo cha sanaa cha Ealing. Nembo ya Queen, yenye simba, kaa na mabikira wawili, ameichora yeye. Kisha akabadilisha jina, na alipohojiwa na waandishi, habari za Zanzibar hakuzipenda sana.

Sasa turudi kwenye sahani, kwa sababu wimbo wa kumi na moja ndio kila mtu anausubiri.

Bohemian Rhapsody una dakika 5 na sekunde 55. Hauna kiitikio. Unaanza kwaya, unakuwa kilio cha kijana kwa mama yake, unaingia opera, unalipuka roki, unazimika taratibu. Walianza kuurekodi Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, huko Wales mashambani. Mashine zilikuwa na njia 24 tu za sauti, na sehemu ya opera ilihitaji sauti zaidi ya mia. Kwa hiyo Mercury, May na Taylor waliimba, wakazikusanya sauti kwenye njia moja, wakaimba juu yake, wakakusanya tena, wiki takriban tatu kwa kipande hicho peke yake. Utepe ulipita kwenye mashine mara nyingi mpaka ukachujuka; ukiuinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Kampuni ikasema ni mrefu mno, redio hazitaupiga. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London akaupata kabla haujatoka, akaupiga mara 14 katika wikiendi moja. Ukakaa kileleni Uingereza wiki tisa.

Haya yote nilishayasoma kabla. Ambacho hakuna aliyeniandaa nacho ni lile neno. Katikati ya opera, baina ya majina ya Kitaliano, kwaya inapaza "Bismillahi". Nilikuwa najua limo. Kujua na kulisikia ukiwa ndani ya boti, abiria wa pembeni yako amelitamka hilohilo saa moja iliyopita injini ilipowaka, ni vitu viwili tofauti.

Wachambuzi wa Ulaya huliweka neno hili kwenye kapu moja na Scaramouche na Galileo: mapambo, vurugu za kufurahisha. Inawezekana. Mercury mwenyewe hakukubali kueleza maana ya wimbo. Na yeye hakuwa Mwislamu. Lakini mtoto aliyekulia Unguja, awe Mparsi, Mgoa au Mhindu, hilo neno hajifunzi kitabuni. Analisikia kila chakula kinapopakuliwa na kila mzigo unapoinuliwa. Miaka mitatu baadaye sahani yao ya Jazz ilifunguliwa na wimbo uitwao Mustapha, na mwito wake wa mwanzo unamkumbusha msikilizaji adhana. Alificha mji wake kwenye mahojiano. Kwenye nyimbo ulimtoka.

Mwaka ule wa 1975, huku nyumbani, Unguja tayari ilikuwa na televisheni ya rangi wakati Bara haikuwa nayo kabisa. Bara yenyewe ilikuwa imetoka kwenye Operesheni Vijana ya 1969, iliyowafukuza wenye sketi fupi na suruali za kubana, na muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar mwaka huohuo. Farrokh na nywele zake na zile nguo zake angefika wapi? Nacheka, lakini si kicheko kizuri.

Mwaka 2006, angekuwa ametimiza miaka 60, ikapangwa sherehe kubwa Zanzibar. Jumuiya ya Uamsho ikapinga, na sherehe ikafutwa. Hoja zilikuwa mbili: kwamba alikuwa shoga, na kwamba hakuwa Mzanzibari wa kweli. Kwenye ya kwanza watu wana misimamo yao na sheria ya nchi inajulikana. Mimi naona maisha ya marehemu hayakuwa kesi yetu. Iliyonikera zaidi ni ya pili. Mzanzibari wa kweli ni nani, katika mji ambao kila mlango wake una mkono wa Mhindi, Mwarabu na Mswahili? Hoja hiyohiyo ndiyo iliyowaondoa watu 1964. Tukianza kuitumia, hatuanzi na kuishia kwa Freddie.

Wala simtakasi. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati wasanii wa dunia wamekubaliana kutokwenda. Mtu aliyezaliwa Afrika alipaswa kujua zaidi ya wenzake watatu.

Huwa namfikiria pamoja na Abdulrazak Gurnah. Gurnah alizaliwa 1948 Unguja, miaka miwili baada yake, naye akaondoka kijana baada ya Mapinduzi, naye akaishia Uingereza. Mmoja ameurudia mji ule kitabu baada ya kitabu, mpaka Nobeli ya 2021, na Peponi tunaisoma kwa Kiswahili chetu. Mwingine akafunga mlango, akaacha neno moja upenuni. Alifariki 24 Novemba 1991, na mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa Kizoroaster. Hapo ndipo Farrokh aliporudi.

Wimbo wa mwisho wa sahani ni wimbo wa taifa wa Uingereza, kwa magitaa, dakika moja na ushei. Waingereza husema ni utani. Baba wa mwimbaji alikuwa akihesabu fedha za taji lile, katika kisiwa ambacho bendera yake ilipepea mpaka mtoto alipofika miaka kumi na saba.

Mnara wa kanisa la Kilutheri pale Azania Front ulikuwa umeanza kuonekana, watu wameshasimama kuchukua mizigo yao. Nilikuwa na dakika kumi na tano. Nikarudisha '39.